Maswali Yaliyopanda Lori la Kishushe

Majuzi, katika maktaba ya chuo, kitabu kikuukuu kilinipasukia mikononi. Mgongo wake uliachia kwa sauti ndogo kavu, kurasa zikalala huku na huku, na harufu ya gundi ya zamani ikapanda, harufu inayokaribia ile ya maziwa yaliyokaukia kikombeni. Nilikuwa bado sijatulia baada ya usaili wa tasnifu yangu. Kwa kila swali nililoulizwa mle ndani niliweza kutaja ni nani aliyekwisha kulijibu, katika kazi gani, na alipingwa na nani, ndipo profesa mmoja, kwa upole ambao mpaka sasa sijaamua kama ulikuwa upole, akaniuliza, “Na wewe mwenyewe unasemaje?” Nikaanza kutaja jina la mwandishi mwingine. Pale maktabani nilichuchumaa kati ya rafu, kitabu kimefunguka mapajani kama kuku aliyepasuliwa, na harufu ile ikanirudisha mahali ambapo sikuwa nimepakumbuka kwa miaka mingi: shule yetu ya msingi ya Voi, darasa la saba, mwalimu ameshika wembe.

Wa rika langu watakumbuka jinsi mtihani wa darasa la saba ulivyotajwa majumbani: kwa sauti ile ile iliyotumiwa kutaja upasuaji. Shule yetu ya Ronge, huko mlimani, ilikuwa imebaki bila mwalimu wa darasa hilo, kwa hiyo baba akanishusha Voi, alikokuwa akifanya kazi ya kugeuza njia za treni stesheni. Mama alibaki na shamba na wadogo zangu. Mimi na baba tukakaa katika chumba kimoja cha nyumba za reli, na kwa kuwa zamu zake zilibadilika-badilika, mara nyingi chumba kile kilikuwa changu peke yangu.

Sikuwa nimewahi kuwa peke yangu. Ronge hata ukungu ukifunika kila kitu, unasikia jirani wa ng'ambo ya bonde akikohoa, na unajua ni nani na kikohozi chake kimeanza lini. Voi hapakuwa na ukungu. Palikuwa na jua, vumbi jekundu, na watu waliotoka kila upande kuja kufanya kazi, kila mmoja na lugha yake ya nyumbani. Kiswahili changu kilikuwa cha kitabuni na kilichelewa kutoka mdomoni. Kabla sijamaliza kupanga sentensi, mazungumzo yalikuwa yameshahama. Alasiri nilisimama karibu na reli na kuwapungia mkono abiria wa treni. Mmoja akinipungia, niliichukua siku hiyo kuwa siku niliyozungumza na mtu.

Mwalimu wetu wa sayansi aliitwa Mwashuma, mtu wa Sagalla, mrefu, mwenye desturi ya kupuliza chaki vidoleni kabla ya kusema jambo zito. Shule ilikuwa imeagiza vitabu vya sayansi, na kilichofika ni kimoja. Mwalimu Mwashuma alikiweka mezani, akakitazama, akapuliza vidole, kisha akatoa wembe mfukoni na kukikata mgongoni, sura baada ya sura, mbele ya darasa zima. Hayo yalitendeka kabla sijafika, lakini niliyasikia mara nyingi kiasi kwamba nayakumbuka kana kwamba nilikuwepo. Kila sura alimkabidhi mwanafunzi mmoja na kumwambia, “Hii ni yako mpaka siku ya mtihani. Ikikushinda, umewaangusha wenzako.” Otieno, mwana wa dereva wa treni, alipewa metali. Mwingine akapewa damu na moyo, mwingine mimea, mwingine umeme. Ndunge, msichana Mkamba kutoka Kishushe aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake nyuma ya soko, alipewa sumaku.

Kutokana na mgawo huo ndipo ilipozuka biashara iliyoendeshwa kila mapumziko ya saa nne, nyuma ya tangi la maji, palipokuwa na kivuli chembamba. Sheria yake ilikuwa moja: swali kwa swali. Ukitaka kuuliza, lazima nawe uwe na sura ya kuulizwa. Mtu hakusaidiwa bure, na hakuna aliyeona ubaya wake. Naamini hata sasa kwamba ilikuwa njia ya haki kuliko nyingi nilizozikuta baadaye.

Nilipofika mimi, sura zote zilikuwa na wenyewe. Mwalimu Mwashuma alifungua saraka ya meza, akapapasa, akatoa karatasi chache zilizoshikamana na jalada la nyuma.

“Mghoi, umechelewa. Imebaki hii.”

“Ni sura gani, mwalimu?”

“Hii ni faharasa. Inaonyesha kila kitu kilipo.”

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na maneno yale niliyaona kwa Kiingereza; hapa nayataja kwa Kiswahili ili nisimchoshe msomaji. Yalikuwa yamepangwa kwa safu, madogo kama mchwa, na mbele ya kila neno palikuwa na namba. Sikuwa nimewahi kuona faharasa. Niliyachukua maneno ya mwalimu kama alivyoyasema: hapa pana kila kitu. Wenzangu walikuwa na damu tu, au umeme tu. Mimi nilikuwa nimepewa vyote, vimefupishwa, na namba zile zilikuwa majibu yaliyofupishwa mno, ambayo mwenye bidii angekuja kuyafungua. Nilijiona nimependelewa. Nikajifungia chumbani na kuzikariri karatasi zile, neno na namba yake, sauti yangu ikigonga mabati, mpaka mke wa jirani akaja kuuliza kama ninasali.

Siku niliyojiona tayari nilikwenda nyuma ya tangi.

“Haya, mgeni,” Otieno akasema. Alikuwa amekaa juu ya bomba kama hakimu. “Wewe una nini?”

“Nina vyote.”

“Vyote! Sikieni mambo ya mlimani. Basi tueleze usanisinuru.”

“Arobaini na moja,” nikasema.

Walitazamana, nikadhani nimewashangaza.

“Arobaini na moja nini?”

“Mpaka arobaini na nne.”

Walicheka mpaka mmoja akalala chini kwenye vumbi. Otieno aliteremka kwenye bomba, akanizunguka akinitazama kama mtu anayekagua mbuzi, akasema, “Jamani, mwalimu amempa indeksi. Huyu ni Indeksi!” Jina likanata. Nilibaki nimesimama na karatasi zangu, nikijaribu kuelewa, si kicheko chao, bali kosa langu lilikuwa sehemu gani hasa. Nadhani hiyo ndiyo hulka niliyokuja kuipatia shahada.

Ndunge hakucheka. Au ni sahihi zaidi kusema kwamba alicheka kidogo, kisha akaacha kabla ya wengine. Alikuwa msichana mfupi, mwenye pengo la meno ya mbele na mazoea ya kusimama na mguu mmoja juu ya mwingine kama korongo.

“Wee Indeksi, sumaku iko wapi?”

“Sitini na tatu mpaka sabini.”

Akafungua kurasa zake, akatazama pembeni, akatazama tena. “Ni kweli. Na umejua bila kuziona?” Kisha akageuka kwa wengine. “Nyinyi mnacheka nini? Jana tumepoteza mapumziko yote tukitafuta nani ana kutu ya chuma. Huyu angetuambia.”

“Kutu ni themanini na mbili,” nikasema.

“Hiyo ni ya nani?”

“Themanini na mbili ni ya Otieno,” mtu akajibu.

Otieno akapekua sura yake, midomo ikitembea, akakuta kutu pale ambapo hakuwa amefika kusoma. Hakufurahi. Ndunge ndiye aliyelisema jambo lililonipa nafasi duniani, angalau kwa muhula ule: “Kuonyesha njia pia ni jibu. Akikuonyesha, una deni lake la swali moja.” Walibishana sana, mwishowe wakakubali, kwa sababu muda ulikuwa unakwisha na kila mtu alikuwa na swali.

Tangu hapo niliitwa kutoka kila kona. “Indeksi, figo?” “Indeksi, mvuke?” Nilijibu kwa namba na jina, na aliyeuliza alikwisha kuondoka kabla sijafunga mdomo, akikimbilia kwa mwenye sura. Nilihitajiwa na kila mtu, na hakuna aliyesimama. Waliona kupitia kwangu walikokuwa wakienda. Sikulalamika; mtoto aliyekuwa akipungia treni hawezi kudharau hata salamu ya mbio. Ila Ndunge alipopewa namba yake alibaki. Alisema, “Haya, niulize na wewe, ulipwe,” na akinijibu swali la sumaku angesahau biashara na kuanza kunisimulia Kishushe: jinsi baba yake alivyokuwa akichunga ng'ombe wa ranchi, jinsi watafiti wa mawe walivyopiga kambi karibu na kwao wakigonga milima kwa nyundo kama watu waliosahau mlango. Tulipanga tutapita sote mtihani, tutachukuliwa shule moja ya bweni ya wasichana, na vitanda vyetu vitapakana. Mimi nilikuwa nimeshaamua upande wa dirisha ni wake, kwa kuwa yeye alizoea uwazi.

Kisha Jumatatu moja hakuja. Shangazi yake alisema mama yake Ndunge alikuwa amejifungua na hali yake si nzuri, na kwamba baba yake alikuja kumchukua akasaidie nyumbani kwa muda. Neno “kwa muda” nililichukua kama lilivyo. Siku chache baadaye mtu akaita nyuma ya tangi, “Indeksi, sumaku za kudumu?” Nikajibu bila kufikiri, “Sitini na saba, kwa Ndunge.” Pale ndipo tulipotambua kwamba ameondoka na kurasa. Wengine waliona wamekosa sura moja. Mimi, niliyekuwa na orodha yote kichwani, niliyaona maneno kumi na kitu yaliyokuwa sasa yakielekeza pasipo na mtu: dira, ncha, mvutano, kaskazini. Hakuna aliyejua kwa usahihi kama mimi ni nini tulichokikosa, na sikuwa na wa kumweleza.

Kishushe si mbali kwa kipimo cha ramani, lakini wakati ule barabara ilikuwa jina tu la mahali magari yalipokwama. Gari lililokwenda huko kwa uhakika lilikuwa lori la watafiti wa mawe, lililoleta vijisanduku vya mawe stesheni ili vipakiwe kwenye behewa. Dereva wake aliitwa Bwana Athumani, mtu wa pwani, mwenye kofia safi isiyoshikwa na vumbi kwa siri aliyoijua mwenyewe. Baba alifahamiana naye. Nikamwendea nikiwa na karatasi niliyoikunja na kuifunga kwa uzi wa mkonge.

“Shikamoo, Bwana Athumani.”

“Marahaba, mwanangu. Wamtafuta babako?”

“Naomba umpelekee Ndunge hii. Baba yake anachunga ranchini, karibu na kambi yenu. Ni maswali ya sayansi.”

“Maswali! Mimi nachukua mawe, mwanangu, si posta.” Aliigeuza ile karatasi. “Na huyo Ndunge ayajibu yote haya? Mbona mwamtesa mwana wa watu?”

“Ana sura ya sumaku. Tusipomuuliza yeye, hatuna mwingine.”

Alicheka, akaitia karatasi ndani ya kofia, akavaa. Bila shaka ndiyo sababu, niliwaza, kofia ile ilikuwa safi: ilikuwa ofisi yake.

Majibu yalikuja na lori lililofuata, kwa mwandiko wa Ndunge ulioegemea kushoto, na chini yake, kwa mujibu wa sheria, maswali yake kwetu. Nyuma ya tangi palikuwa na sherehe. Otieno aliyasoma kwa sauti, akasahau kunitania. Hivyo ndivyo kazi yangu ilivyobadilika: niliyakusanya maswali ya sumaku ya darasa zima, nikayafunga kwa mkonge, nikayapeleka stesheni, na lori lilipoteremka, nilikuwa wa kwanza kulipokea. Nilijifunza kulitambua kwa mlio likiwa bado halijaonekana. Wenzangu walifaidika na majibu. Mimi nilifaidika na kitu kingine ambacho sikukitamka: kwamba kila jibu lilikuwa ushahidi kuwa Ndunge yu hai, anasoma, na anarudi.

Safari moja aliuliza hivi: “Huku kwetu dira ya watu wa mawe haitulii. Wakiiweka karibu na mlima ule mweusi, sindano inageukia mlima. Kitabu kinasema itaelekea kaskazini. Nani mwongo?” Swali hilo liligawanya darasa. Otieno alisema Kishushe hata sindano zimelewa. Wengine walisema Ndunge ameshika dira kichwa chini. Tulimpelekea Mwalimu Mwashuma, naye akapuliza vidole kwa muda mrefu.

“Hakuna mwongo,” akasema. “Mlima huo una chuma ndani, na chuma kinaivuta sindano. Mwambieni ameona sawasawa. Lakini mwambieni pia kwamba mtihani huu hautungwi Kishushe. Akiulizwa, ajibu kaskazini.”

Niliyaandika yote mawili. Jibu lake lilikuja fupi: “Sawa. Nitajibu kaskazini, lakini nitakuwa najua.” Nilirukaruka pale stesheni mpaka baba akaniuliza nimeokota nini. Nitajibu! Hakuna anayesema atajibu swali la mtihani ikiwa hatakuja kuufanya.

Nimelirudia neno hilo mara nyingi, na bado naona hoja yangu ilikuwa nzuri. Naamini hata yeye, siku aliyoliandika, alikuwa na hoja hiyo hiyo.

Mtihani ulipokaribia, mwandiko wake ulianza kuchoka. Majibu yalikuwa sahihi lakini mafupi. Karatasi moja ilikuwa na doa kubwa lililonukia uji. Nilimuuliza Bwana Athumani habari zake.

“Mwenzenu? Lo, mwana yule hapumziki. Nikipita asubuhi yu wima, nikirudi yu wima.”

Nikawapelekea wenzangu habari hiyo kama tishio. “Ndunge hapumziki,” niliwaambia. “Anasoma tangu asubuhi. Atatupita sisi sote.” Otieno akaongeza bidii siku hiyo hiyo.

Kifurushi cha mwisho kilikuwa kinene. Ndani yake mlikuwa na majibu ya maswali yetu yote, yaliyoandikwa kwa uangalifu kuliko kawaida, hata kwa michoro; na chini yake, zimekunjwa mara moja tu ili zisivunjike, zilikuwemo kurasa zenyewe, sitini na tatu mpaka sabini. Nilitafuta maswali yake kwetu. Niligeuza kila karatasi, nikazishika kwenye mwanga. Hapakuwa na hata moja.

“Amemaliza!” Otieno akapiga kelele. “Hana swali tena! Anajua vyote, na kitabu amerudisha kwa sababu kiko kichwani!”

Tulishangilia. Mwalimu Mwashuma alizitazama zile kurasa, akazipanga, akazigonga mezani zikae sawa. Hakupuliza vidole. Nilidhani amefurahi kwa namna ya watu wazima, ambao furaha yao nilikuwa nimeshagundua haina sauti.

Asubuhi ya mtihani nilifika mapema. Madawati yalikuwa yametenganishwa, kila moja na kipande cha karatasi chenye jina la mwanafunzi na namba. La Ndunge lilikuwa mbele ya langu kidogo, upande wa kulia. Nililifuta vumbi kwa kiganja, nikaangalia kama linayumba, nikaweka kijiwe chini ya mguu mmoja. Msimamizi alikuwa mgeni, mtu wa suti ya kijivu asiyemjua yeyote kati yetu. Aliita majina. Alipofika kwa Ndunge aliita, akasubiri, akaita tena akilitamka kwa namna nyingine, kana kwamba tatizo ni matamshi yake. Nikainua mkono.

“Wewe ndiye?”

“Hapana, bwana. Anakuja. Lori huwa linachelewa.”

Yule bwana alinitazama, si kwa ukali, kisha akachora mstari mfupi kwenye karatasi yake na kuendelea na jina lililofuata.

Swali la sumaku lilitoka. Yalitoka mawili, kwa kweli, na moja lilikuwa la dira. Darasa zima lililijibu bila shida. Nilisikia kalamu zikigusa karatasi karibu kwa wakati mmoja. Nikatia alama penye kaskazini. Dawati la mbele yangu upande wa kulia lilikuwa limetulia vizuri juu ya kijiwe chake, na mwanga wa dirisha ulikuwa umelala juu yake wote, bila mkono wa kuukata.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa stesheni nikimsubiri baba amalize zamu ili anipeleke Ronge. Lori la watafiti lilikuwa limesimama kwenye ghala la mizigo, na kando ya gurudumu la nyuma, kwenye kivuli, alisimama Ndunge, mguu mmoja juu ya mwingine, mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa amemleta zahanati kwa sababu ya kifua. Tulisalimiana kwa aibu kidogo, kama watu waliozoeana kwa karatasi.

“Anaitwa nani?”

“Ana jina la mama,” akasema, akamsogeza mtoto juu kwa kiuno.

Hata mimi nilijua kwamba kwao mtoto hapewi jina la mamake ikiwa mama huyo yupo kumwita. Katika maneno yote niliyokuwa nimeyakariri hapakuwa na moja lililonielekeza popote.

Ndiye aliyeniokoa. “Yalitoka gani?”

“Maswali?”

“Sasa nini kingine? Niambie. Yote.”

Kumbukumbu yangu, mzigo wangu wa siku zote, siku hiyo ilipata kazi. Nilianza na la kwanza, nikamsomea swali na majibu yake manne, kama yalivyokuwa, kwa Kiingereza chake. Alifikiri akiwa ametazama reli, akajibu. Nikamsomea la pili. Mtoto akalia, akamtikisa, akajibu huku akimtikisa. Mapafu, mbegu, kivuli, kutu. Lililomshinda alisema, “Hilo sijui, endelea,” bila haya, kama mtu anayeokoa muda. Lakini yalimshinda machache. Sura ambazo hakuwahi kuzishika alikuwa amezichukua kwetu sisi, swali moja moja, kwa yale majibu tuliyompelekea. Nilipofika kwenye dira alitabasamu, pengo likaonekana.

“Kaskazini,” akasema. “Si mlisema haukutungwa Kishushe?”

Bwana Athumani alikuja akipangusa mikono, akatusikiliza kidogo, kisha akaenda kusimama mbali, akajifanya anakagua gurudumu ambalo halikuwa na tatizo. Alitungojea mpaka tulipomaliza swali la mwisho.

“Ningepita,” Ndunge akasema. Hakuwa akiuliza.

“Ungepita. Ungempita hata Otieno.”

“Huyo angelia.” Alicheka, na kicheko kikamwamsha mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza asinzie. Alipanda ndani ya lori kwa ustadi, mtoto kwanza, kisha mguu, kisha kanga. Injini ilipowaka alitoa kichwa dirishani.

“Mghoi! Huko bwenini wanalala wangapi chumba kimoja?”

Ilikuwa mara ya kwanza katika muhula mzima kusikia jina langu kutoka kwa mwenzangu. Nilikimbia kando ya mlango.

“Sijui! Matokeo hata hayajatoka!”

“Ukijua uniambie!”

Nililijua jibu siku yangu ya kwanza bwenini, kabla sijafungua sanduku. Nilililalia jibu hilo, nikawaza namna ya kulieleza vizuri: jinsi vitanda vilivyopangwa, dirisha liko upande gani, na ni nani aliyepewa upande huo. Niliporudi Voi likizo ya kwanza nilikwenda moja kwa moja kwenye ghala la mizigo. Wapakizi waliniambia watu wa mawe wamekwisha kufunga kambi na kuondoka, na kwamba hakuna gari tena linalokwenda Kishushe.